Kuchagua, Kufumua, Kushona Upya: Maleba ya Cedric Mizero na Lugha ya Mavazi ya Vijana wa Kigali

Ikisiri

Uhakiki wa mavazi katika Kiswahili umejikita kwa muda mrefu kwenye kanga na majina yake, yaani pale ambapo nguo hubeba maneno yanayosomeka. Makala haya yanahamia kwenye nguo isiyoandikwa chochote: nguo ya kijana wa Kigali, iliyochaguliwa rundoni, ikafumuliwa, ikashonwa upya. Mfano mkuu ni maleba ambayo Cedric Mizero, mbunifu wa Rwanda aliyejifunza kazi mwenyewe, aliyabuni kwa ajili ya filamu ya Neptune Frost (2021), yakisomwa sambamba na mradi wake wa Fashion for All. Inadaiwa kwamba nguvu ya maleba hayo haitokani na ugeni wake, bali inatokana na kuikuza kazi ambayo vijana wa mji huo wamekuwa wakiifanya siku zote kwa nguo za mtumba. Makala yanaonyesha vilevile mahali maleba hayo yanapodhoofika, na yanauliza ni nani mwenye idhini ya kusema kwa mwili wake katika mji unaosifika kwa unadhifu.

Maneno muhimu: maleba, caguwa, kiraka, tamaduni ndogo za vijana, Kigali

Utangulizi

Mnyarwanda anayetafuta nguo kuukuu huulizia caguwa. Neno hilo, linalotamkwa takribani kama "chaguwa", ni kitenzi cha Kiswahili kilichohamia Kinyarwanda na kugeuka nomino. Tanzania na Kenya huiita bidhaa hiyo mitumba, kwa kutazama jinsi inavyofungwa. Uganda husema mivumba. Watanzania wa rika fulani wanalikumbuka pia jina la kafa Ulaya, lililotazama nguo inakotoka na kumdhihaki mvaaji wake kidogo. Wanyarwanda walilichukua tamko ambalo wachuuzi wa Kiswahili hulinadi juu ya rundo, wakalifanya jina la bidhaa yenyewe. Kwa hiyo jina linataja kitendo cha mnunuzi. Hansen (2000) alieleza jambo la aina hiyo kuhusu neno salaula la Zambia, ambalo nalo hutaja upekuzi wa rundo, na akajenga juu yake hoja kwamba mnunuzi wa nguo kuukuu si mpokeaji wa makombo bali ni mtu anayehukumu.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, baada ya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Wahadhiri walilipokea tukio hilo kwa shangwe, na ni haki yao. Hata hivyo, kabla ya Bunge kupiga kura, lugha hii ilikuwa imekwisha kuingia Kigali kwa milango miwili isiyohitaji kura: msikiti na soko. Mtaa wa Biryogo, ndani ya Nyamirambo, umekuwa ukisemwa Kiswahili tangu enzi za ukoloni, na ndiko ambako pia cherehani na caguwa zilikaa jirani. Anayetaka kujua Kiswahili kimefanya nini Rwanda hana budi kutazama neno hili moja lililowapa watu wa mji mzima jina la kitendo wanachokifanya kila wanapojivika.

Makala haya yanalichukua neno hilo kama dhana ya uhakiki. Kuchagua, kufumua na kushona upya vinatazamwa kama hatua tatu za utunzi, na vinatumiwa kusoma kazi ya msanii ambaye mara nyingi husifiwa kwa sababu zisizo zake.

Nguo isiyo na jina

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hahitaji kushawishiwa kwamba nguo husema. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mtindo unaohusishwa na Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, maarufu kwa jina la Abdulla, kanga imekuwa ikipita mikononi mwa wanawake ikiwa na "jina" lake. Saida Yahya-Othman (1997) alionyesha jinsi jina hilo linavyomwezesha mwanamke kusema asilothubutu kulitamka, huku akibaki na nafasi ya kukana kwamba alimkusudia mtu yeyote. Hoja hiyo ni ya msingi. Ila imekuwa na matokeo ambayo mwandishi wake hakuyakusudia: wahakiki waliomfuata wamezoea kuisoma nguo pale tu inapoandikwa. Kanga bila jina wanaiona pambo. Shati, koti, suruali iliyopunguzwa miguu, hivyo vinaachiwa wanasosholojia.

Kwa upande wa pili wapo wanaokimbilia kwa Hebdige (1979), ambaye kitabu chake kuhusu tamaduni ndogo za vijana wa Uingereza kiliwafundisha wengi kuuona mtindo kama maasi yanayovaliwa. Pini ya kufungia nepi ikichomekwa shavuni hugeuka tusi kwa utaratibu mzima wa nyumba yenye watoto na nepi. Nadharia hii inafaa, lakini inapopelekwa Kigali kama ilivyo, inapinda. Kijana wa London aliyeichana fulana yake alikuwa akiichana nguo nzima katikati ya jamii yenye nguo nzima. Fulana iliyochanika Kigali haimshtui mtu; imekwisha kuonekana, na maana yake inajulikana kuwa ni ufukara. Ndiyo maana maasi ya mavazi katika Afrika ya Kati yalielekea upande wa pili. Wanasape wa Brazzaville na Kinshasa waliasi kwa suti iliyonyooshwa, viatu vinavyong'aa na rangi zilizopangwa kwa nidhamu ya kutisha. Walikuwa maskini waliokataa kuvaa umaskini wao.

Kigali ina ugumu wake wa ziada. Huu ni mji ambao unadhifu ni sera. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2008. Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hutoka kwenye umuganda kusafisha mazingira yao. Mgeni wa kwanza na wa elfu huandika kuhusu barabara zilizofagiwa. Katika mji wa aina hiyo suti iliyonyooshwa haiwezi kuwa uasi, kwa sababu ndiyo hasa inayotakiwa. Kijana anayetaka kusema jambo lake hana ufukara wa kuuvaa wala unadhifu wa kuukaidi bila gharama. Kinachombakia ni mshono: kuichukua nguo ya mtu mwingine, nzima na safi, na kuipanga upya hadi mtazamaji ashindwe kusema ilikuwa nini.

Kinyarwanda kinatoa msaada hapa. Neno umwenda huandikwa sawa kwa maana mbili, nguo na deni. Wenye lugha huzitofautisha bila shida, na haitakuwa sahihi kujenga falsafa nzima juu ya maneno mawili yaliyokutana kwenye tahajia. Lakini kwa mhakiki ulinganifu huo ni kama kurunzi. Nguo ya caguwa ina deni: ilikatwa kwa vipimo vya mwili mwingine, nembo yake ni ya shule au timu ya mpira isiyojulikana Nyamirambo, mifuko yake imechukua umbo la mikono isiyo ya huyu anayeivaa. Kuifumua ni kuanza kulilipa deni hilo.

Mwanafunzi asiye na chuo

Wabunifu walioipa Kigali jina katika mavazi kwa sehemu kubwa hawakutoka katika vyuo vya ubunifu wa mavazi. Moses Turahirwa, mwanzilishi wa Moshions (2015), alisomea uhandisi wa ujenzi. Cedric Mizero, aliyekulia Gishoma wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa nchi, hakusomea ushonaji popote. Hao ni wanafunzi kwa maana ya zamani ya neno, watu waliokaa karibu na fundi na soko mpaka kazi ikawaingia. Jambo hili lisichukuliwe kama sifa ya kimapenzi. Kutokuwa na chuo kunagharimu, na baadhi ya udhaifu utakaotajwa baadaye unatokana na hapo. Lakini linaeleza kwa nini mazoezi ya awali ya wabunifu hawa, yale ambayo katika chuo yangeitwa miradi ya mwanafunzi, yalifanyika mbele ya macho ya watu.

Inafaa kuwalinganisha wawili hao kwa ufupi. Moshions ilichukua michoro ya imigongo, ile sanaa ya mistari na pembe inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na ambayo masimulizi huihusisha na Kakira wa Gisaka, ikaihamishia kwenye sweta, mashati na makoti. Ushonaji ni wa hali ya juu, na mkato unastahili sifa zote ulizopata. Hata Rais Paul Kagame ameonekana akivaa mashati ya kampuni hiyo. Hapo ndipo swali la kihakiki linapozuka. Imigongo ilipoingia kwenye kola ya kiongozi ilikuwa imekwisha kukubaliwa na kila mtu. Haikuwa na wa kubishana naye. Hebdige aliuita mchakato wa namna hii umezaji, lakini yeye alizungumzia mtindo ulioanza ukiwa na meno na baadaye ukang'olewa. Mtindo wa urithi jijini Kigali ulizaliwa bila meno. Ni mzuri, ni wa heshima, na hauna anayemkera.

Mizero alianza mahali pengine. Katika mradi wake wa Fashion for All aliwatoa watu ambao mitindo huwasahau, wakazi wa vijijini, wengi wao wazee, akawaweka mbele ya kamera na ya watazamaji kama wavaaji wenye haki kamili ya kutazamwa. Kwa nadharia ya tamaduni ndogo hili ni jambo la kutatiza. Tumezoea kijana anayevaa ili amkane mzazi wake. Mizero ni kijana anayekwenda kwa bibi kuuliza namna ya kuvaa. Anachokikuta huko si imigongo wala mishanana ya harusi. Ni nguo iliyovaliwa miaka mingi, ikafuliwa mtoni, ikapauka, ikatiwa kiraka, na kiraka nacho kikatiwa kiraka.

Neno kiraka linastahili kusimamishwa kidogo. Katika Kiswahili ni kipande cha kuziba tundu. Waandishi wa michezo wa Tanzania wamelipeleka mbali zaidi na kumwita kiraka mchezaji anayeweza kupangwa nafasi yoyote. Katika Kinyarwanda ikiraka ni kibarua, kazi ya kuokoteza isiyo na mkataba. Kijana wa Kigali huishi kwa ibiraka: leo kupiga picha za harusi, kesho kubeba spika, keshokutwa kumsaidia fundi kukata vitenge sokoni Kimironko. Nguo aliyoitunga kwa vipande haimsimulii tu bibi yake. Inasimulia wiki yake mwenyewe, jinsi ilivyoungwaungwa.

Mwezi Februari 2019 Mizero alikuwa miongoni mwa wabunifu 16 walioalikwa katika International Fashion Showcase, Somerset House, London, akiwa na kazi aliyoiita Dreaming My Memory. Kuanzia hapo maandishi kumhusu yakaongezeka, na kwa bahati mbaya yakafanana. Karibu yote yanamwita mwotaji. Kumwita msanii mwotaji ni njia ya adabu ya kukwepa kuuliza anafanya kazi na vitu gani na vitu hivyo vinatoka wapi.

Koti la vibonye

Neptune Frost, filamu ya Saul Williams wa Marekani na Anisia Uzeyman mwenye asili ya Rwanda, ilipigwa Rwanda na kuonyeshwa mara ya kwanza Cannes mwaka 2021. Mandhari ya hadithi ni Burundi. Lugha zake ni mchanganyiko ambao mkazi wa Bujumbura au Kigali atautambua bila tafsiri: Kirundi na Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Matalusa, mchimbaji wa koltani, anaondoka mgodini baada ya ndugu yake Tekno kuuawa na mlinzi. Neptune, mdukuzi ambaye jinsia yake haikai katika sanduku moja na anayechezwa na waigizaji wawili, anakimbia njia yake mwenyewe. Wote wanafika Digitaria, kambi ya vijana waliojificha milimani wakiishi katikati ya mabaki ya kompyuta, na kutoka huko wanaudukua ulimwengu. Mizero alibuni maleba na mandhari pia, jambo ambalo si dogo, kwani ndilo linalofanya kuta za kambi na migongo ya wakazi wake vionekane vimetoka katika rundo moja.

Maleba hayo yametungwa kwa taka za kielektroniki. Kuna koti lililoshonewa vibonye vya kibodi, kuna nyaya zilizosukwa na kuzungushwa kichwani, kuna vipande vya saketi vilivyowekwa mahali ambapo pengine pangekaa shanga. Wahakiki wengi wa kigeni waliyaingiza mara moja katika mkondo wa Afrofyucharizimu, wakayasifu kama mavazi ya kesho. Usomaji huo hauna ubaya ila umekosea wakati. Hakuna kitu cha kesho katika vibonye hivyo. Kibodi ni kitu cha jana, kimekwisha kutumiwa, kimechoka, kimetupwa. Kilitoka kwa mtu mwingine, mbali, kama shati la caguwa lilivyotoka kwa mtu mwingine, mbali. Kitendo cha Mizero ni kilekile cha sokoni: amechagua, amefumua, ameshona upya. Tofauti ni kwamba safari hii rundo limegeuka.

Ugeukaji huo ndio kiini cha maleba haya. Koltani hutoka ardhini katika eneo hili, hususan Kongo ya mashariki, na Rwanda nayo huichimba. Hutolewa tantalamu inayotumika katika vipuri vidogo vya simu na kompyuta, na vifaa hivyo vinapochoka baadhi yao hurudi Afrika, ama kuuzwa kama mitumba ama kutupwa. Kwa hiyo mchimbaji anayelivaa koti la vibonye amejivika kitu ambacho huenda asili yake ilipita mikononi mwake. Shati la caguwa lina deni kwa mgeni. Katika koti hili deni limepindua uelekeo: mgeni ndiye anayedaiwa, na hati ya madai imeshonwa kifuani. Yahya-Othman angetambua hapa mbinu ya kanga, usemi unaoonekana na wote bila kumtaja anayelengwa. Na ajabu ni kwamba vibonye hivyo ni herufi. Nguo isiyo na jina imerudi kuwa nguo yenye alfabeti nzima, ila herufi zake hazikupangwa kuwa neno. Mvaaji anazo zote, na hajalazimika kusema.

Mafanikio ya pili ni kelele. Maleba ya jukwaani kwa kawaida hunyamaza. Haya yana uzito, yanagongana, na mwili wa mwigizaji hulazimika kuzoea. Bertrand Ninteretse, rapa wa Burundi ajulikanaye kama Kaya Free, anayemcheza Matalusa, hutembea kama mtu anayejua kwamba nguo yake inasikika. Katika filamu iliyojengwa juu ya ngoma za wachimbaji, ambapo sururu na mdundo havitenganishwi, mbunifu wa maleba ameufanya mwili wenyewe uwe chombo kingine cha mdundo.

Mshono unapoachia

Hata hivyo sifa hizo zina mipaka. Sehemu kubwa ya filamu inapofika Digitaria, maleba huanza kushindana. Kila mkazi wa kambi ana pambo lake, kila pambo ni zuri, na mtazamaji hupoteza uwezo wa kutofautisha aliyefika jana na aliyekaa mwaka. Tamaduni ndogo za vijana halisi hazifanyi hivyo. Huwa na ngazi, huwa na anayeiga vibaya, huwa na mgeni anayechekwa kwa kufunga kamba mahali pasipopaswa. Katika mtindo wa kweli kuna makosa, na makosa ndiyo yanayothibitisha kuwa kuna sarufi. Digitaria haina hata mtu mmoja aliyevaa vibaya. Hapa ndipo ukosefu wa mwalimu unapoonekana, ule mkono wa fundi mzee unaosema "punguza".

Tatizo la pili ni zito zaidi. Uzeyman, aliyeongoza na kupiga picha za filamu hii, ana jicho linalopenda ngozi, mwanga na rangi, na mara nyingine upendo huo unazidi kiasi. Mgodi unapendeza. Vumbi linapendeza. Wachimbaji wanapigwa mwanga kama sanamu. Uzuri wa maleba ya Mizero, yaliyotungwa kwa taka, unategemea mtazamaji akumbuke kwamba hizi ni taka, zenye sumu, zinazokwaruza. Mwanga unapozibembeleza sana zinasahaulika kuwa taka na kuwa vito tu, na vito havimdai mtu. Katika Fashion for All hatari hii ilikuwa ndogo, kwa sababu uso wa mzee haukubali kufutwa na pambo. Kwa kipimo hiki mradi ule wa mwanzo, wenye bajeti ndogo na watazamaji wachache, una nguvu ya kimaadili ambayo filamu haikuifikia.

Swali la watazamaji nalo haliepukiki. Koti la vibonye halikushonwa liuzwe. Hilo limeliokoa na umezaji wa kola ya kiongozi, lakini limelipeleka katika umezaji mwingine, wa tamasha na jumba la maonyesho. Kijana wa Kimisagara ana nafasi kubwa zaidi ya kuliona koti la Moshions likipita barabarani kuliko kuliona la Mizero kwenye skrini.

Kilo, haya na idhini

Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuelekea kuondoa uingizaji wa nguo kuukuu ifikapo 2019. Rwanda haikungoja. Mwaka huohuo ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili, kulinda viwanda vya ndani na kulinda heshima ya raia asivae kilichotupwa na wengine. Marekani ilitishia, Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo wake, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu ya ushuru ya mpango wa AGOA kwa mavazi. Kama tendo la taifa dogo mbele ya taifa kubwa, msimamo huo una ushujaa ambao wahakiki hawana sababu ya kuuficha.

Lakini hoja ya heshima inagusa moja kwa moja mada ya makala haya, na haikujadiliwa vya kutosha na wanafasihi. Hoja hiyo inachukulia kwamba nguo iliyotupwa humshusha anayeivaa. Kazi ya Mizero, kama ile ya mafundi wa Biryogo wasiotajwa popote, inadai kinyume: nguo haibaki kuwa ya aliyeitupa baada ya kufumuliwa. Mizani ya forodha haina namna ya kulijua hilo. Inapima kilo. Shati lililokuwa limevaliwa hivihivi na shati lililokuwa likienda kubadilishwa kola, mikono na roho vina uzito uleule. Ushuru ulipopanda, nguo za dukani hazikushuka bei zikamfikia kila kijana. Kilichopungua kwa wengi kilikuwa rundo, yaani karatasi waliyozoea kuandikia.

Eneo hili lina historia ya dola kusoma nguo za vijana kwa jicho la kiungozi. Umoja wa Vijana wa TANU ulipoanzisha Operesheni Vijana mnamo Januari 1969, sketi fupi, wigi na suruali za kubana zilihukumiwa kuwa ni uchafu wa kigeni unaolitia taifa doa. Ivaska (2011) anaonyesha kwamba mjadala uliofuata katika magazeti ya Dar es Salaam ulikuwa mkali na wa pande nyingi kuliko kumbukumbu rasmi inavyokiri; wapo waliouliza kwa nini suti ya Kizungu isihesabiwe kuwa ya kigeni. Swali hilo lingeweza kuulizwa Kigali mwezi Agosti 2022, pale mwanamke kijana alipokamatwa na kufikishwa mahakamani kwa sababu ya gauni la kitambaa chepesi alilolivaa kwenye tamasha la muziki. Aliachiwa kwa dhamana. Watu waligawanyika, wengine wakataja mila, wengine wakakumbusha kwamba picha za mababu wa mila hiyo hazionyeshi vifua vilivyofunikwa. Kilichosahaulika katika mabishano hayo ni kwamba gauni lilikuwa usemi, na kwamba usemi huweza kuhakikiwa, kusifiwa au kuonekana wa ovyo, bila kuitiwa polisi.

Katika hali hiyo mtu anaweza kuona kwa nini vijana wa Kigali wamependelea mshono kuliko mpasuko. Amasunzu, ule mkato wa nywele wenye matuta ambao zamani ulivaliwa na vijana wa kiume na wasichana ambao hawajaolewa, umerudi vichwani mwao kwa sababu kama hiyo: unaonekana, una ukali wake, na hakuna ofisa anayeweza kuuita wa kigeni. Ni werevu, na kama werevu wote wa aina hii una gharama, kwani anayesema kwa namna isiyoweza kukatazwa hujifunza pia kutosema yanayoweza kukatazwa. Digitaria imewekwa nje ya mji, milimani, na hadithi imewekwa nje ya nchi ilikopigwa. Filamu yenyewe, kwa ujasiri wake wote, ilichagua mahali pa kuzungumzia.

Inabaki picha moja ambayo maleba ya Mizero yote yanaitegemea, ingawa imo katika dakika za mwanzo, kabla vibonye na nyaya havijaonekana. Tekno yumo mgodini katika nguo za kawaida za kazi, za aina inayopatikana katika soko lolote la mtumba kuanzia Bukavu hadi Nyabugogo. Anaacha kuchimba. Analiokota jiwe la koltani, analiinua juu na kulitazama kwenye mwanga, kwa utulivu, kama mnunuzi anavyoliinua shati kutoka rundoni ili aone kama lina tundu kabla hajataja bei. Mlinzi anampiga kwa kitako cha bunduki.